Oili inavuja na huoni inakotoka: mwongozo kwa wenye Coaster za zamani

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, tena kwa maneno yale yale: "Fundi, gari inavuja oili kule nyuma ya injini, nimeshabadilisha sili, bado inavuja. Nifanyeje?" Nami huuliza: nani aliona kwamba ni sili, ile raba ya duara inayozuia oili isitoke pembeni mwa shafti? Kimya. Oili ilikuwa inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, basi giaboksi ikashushwa, siku nzima ikapotea, hesabu ya tajiri ikakosekana, na Jumatatu tone likarudi palepale.

Simcheki mtu, maana nami nimeshalipa ada ya ujinga huo. Coaster moja ya njia ya Mbagala niliishusha giaboksi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya tatu, nikiwa chini tayari nimelegeza propela shafti, konda wa ile gari alifunua kifuniko cha injini akamulika na tochi ya simu. "Mzee, mbona huku juu kumelowa?" Kona ya nyuma ya kava ya tapeti, ile inayofunika valvu juu ya injini. Oili ilikuwa inatoka pale, inateremka mgongoni mwa injini mahali usipopaona, inazunguka nyumba ya klachi na kudondokea chini kabisa, kama imetoka kwenye sili ya krenki, yaani shafti kuu ya injini. Gasketi iliyomaliza kazi ile ilikuwa na bei ndogo kuliko chakula cha mchana tulichokula siku hiyo.

Mfano nitakaoutumia ni Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ: silinda 6, cc 4,164, dizeli isiyo na tabo. Ndiyo iliyojaa barabarani kwetu na ndiyo ninayoijua kwa kuigusa. Mwenye Rosa, Civilian au Isuzu afuate mpangilio huu huu, ila baadhi ya vitu atavikuta upande mwingine.

Vitu vya kuandaa

Usinunue sili wala gasketi yoyote kwa sasa. Tafuta kwanza hivi:

- Tochi ya kuvaa kichwani. Ya simu itakufunga mkono mmoja.
- Kioo kidogo cha kujitazamia, ukifunge kwenye waya mgumu ili kiingie nyuma ya injini.
- Mafuta ya taa au dizeli lita 3 hadi 5, brashi mbili kuukuu, sabuni ya unga, maji ya kutosha na upepo wa kompresa.
- Vipande vya nailoni na kamba za kufunikia alternata, stata na mdomo wa hewa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo kata nailoni ya kufunikia magodoro.
- Poda ya mtoto, kopo moja. Usishangae, ina kazi.
- Boksi kubwa la kadibodi, kama lile la friji.
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama mita 2, pamoja na kikombe cha chai ya rangi. Hiyo chai si ya kunywa.
- Boksi spana, na spana ya toki ukiweza kuazima.
- Stendi za chuma na vigingi vya tairi.
- Daftari na kalamu.

Kuhusu stendi sitaki mjadala. Coaster tupu ina tani kadhaa, na jeki ya haidroliki hushuka bila kuaga. Kama gereji ina shimo, tumia shimo. Kama haina, egesha pakavu na tambarare, ziba tairi kwa vigingi, kaza hendibreki, weka stendi pande zote mbili, ndipo uingie chini. Injini ikiwa inazunguka usipeleke mkono, tochi ya kamba wala shati pana karibu na feni au mikanda.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kwanza ni oili ya injini.

Chini ya Coaster kunaweza kudondoka vitu vinne tofauti. Pangusa tone kwa karatasi nyeupe, litazame na kulinusa. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, na huacha doa la masizi. Oili ya giaboksi huwa ya kahawia au njano chafu, na ina harufu nzito inayokaribia salfa. Ukiinusa mara moja hutaisahau. Mafuta ya stering mara nyingi ni mekundu au ya waridi. Dizeli ni nyepesi, inasambaa haraka kwenye karatasi, na harufu yake haina kificho.

Wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni ya kitoto. Ila nimeshaona sili ya nyuma ya krenki ikibadilishwa wakati kinachovuja ni sili ya mbele ya giaboksi. Hizo sili mbili zinatazamana ndani ya nyumba moja ya klachi, na zote zikivuja tone linatokea tundu lilelile.

2. Pima oili na uandike.

Gari iwe tambarare, injini imezimwa dakika 10. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena, kisha andika ilipofika pamoja na kilomita za siku hiyo.

Ukikuta kiwango kimezidi alama ya juu, simama hapohapo na unuse. Kwenye 1HZ pampu ya nozeli, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda, inazungushwa na gia, na gia hizo zinaoga oili ya injini. Sili ya shafti ya pampu ikichoka, dizeli inaingia kimyakimya kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Kiwango kinapanda badala ya kushuka, oili inakuwa nyepesi kama maji na kuanza kutoka kila mahali: kava, sili zote, hata brida (mpira wa kupumulia injini, tutaufikia hatua ya 4). Dereva anafurahi kwamba gari yake "hailambi oili." Hapo huna kesi ya gasketi. Una kesi ya pampu, na gari isitembee. Oili ikizidi sana, injini inaweza kuivuta kupitia brida, ikaichoma kama mafuta na kukimbia yenyewe hata ukizima swichi.

Kujaza kupita kiasi wakati wa sevisi nako kunaleta uvujaji. Punguza ibaki katikati ya alama mbili, kisha endelea.

3. Laza kadibodi chini usiku.

Tandaza boksi chini ya injini gari ikishalala. Chora kwa kalamu tairi za mbele zilipo, na uandike "mbele" na "nyuma." Asubuhi hesabu matone na uone yamekaa wapi. Fanya hivyo siku mbili. Kadibodi haitakuambia oili inatoka wapi, itakuambia inaishia wapi na ni nyingi kiasi gani. Ihifadhi, utailinganisha na ile ya baada ya matengenezo.

4. Angalia brida kabla ya sili yoyote.

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Katika kila injini, hewa kidogo ya mwako hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Hewa hiyo inatakiwa itoke kwa njia ya brida, yaani ule mpira unaotoka kwenye kava ya tapeti kwenda kwenye njia ya kuvutia hewa. Mpira ukiziba kwa matope ya oili, au ukikunjika, au mtu akiuziba kwa makusudi "kuzuia moshi" (nimekuta kizibo cha soda mle ndani), hewa inatafuta mlango mwingine, na mlango huo ni sili iliyo dhaifu kuliko zote. Utabadilisha hiyo, itatobokea nyingine.

Chomoa mpira wote, uoshe kwa mafuta ya taa, upulize, urudishe. Ukiwa umekauka na kupasuka au umelainika kama mlenda, weka mpya unaostahimili oili. Mpira wa maji hautamaliza miezi.

Sasa chai yako. Kunja mpira unaoonyesha ndani uwe umbo la U, ufunge wima kwenye ubao, kila mkono usipungue nusu mita. Jaza chai ya rangi hadi nusu. Chomoa dipstiki, unganisha ncha moja ya mpira kwenye bomba lake na uzibe kwa tepu isipitishe hewa. Ncha ya pili iache wazi. Kifuniko cha kujazia oili kiwe kimefungwa. Washa injini, iache kwenye sailensa, yaani mzunguko wake wa chini, bila kukanyaga mafuta.

Chai ikichezacheza huku pande zote mbili zikiwa karibu sawa, injini inapumua vizuri. Ikisukumwa upande ulio wazi na kubaki huko, ndani kuna presha. Chomoa mpira wa brida pale kwenye kava uone. Chai ikirudi sawa, mpira au njia yake ilikuwa imeziba, na umepata ugonjwa kwa bei ya kikombe cha chai. Chai ikibaki imesukumwa, huku moshi unatoka kwenye kava kama birika, ringi zimechoka. Na ikivutwa upande wa injini, kafungue kichungi cha hewa. Kikijaa vumbi, injini hunyonya kwa nguvu kupitia brida.

Mafundi wengi hupima kwa kulegeza kifuniko cha oili na kukilaza kichwa chini juu ya tundu lake. Kikirukaruka au kutupwa, wanasema injini inapumua. Kipimo hicho si kibaya, ila hakikutofautishii mpira ulioziba na ringi zilizokwisha, na tofauti hiyo ni pesa nyingi.

5. Osha injini mpaka uione rangi yake.

Injini iwe imepoa. Funika alternata, stata, mdomo wa hewa na viungo vya umeme. Paka mafuta ya taa kwa brashi kuanzia juu, acha yalainishe dakika 15, sugua, kisha maji ya sabuni, kisha maji safi. Malizia kwa upepo, hasa kwenye makutano ya kava, pembe za sampu, nyuma ya kichwa cha injini na kuzunguka msingi wa filta.

Petroli usiiguse kwa kazi hii. Mvuke wake unatambaa chini na kutafuta cheche, na gereji zetu hazikosi mtu anayechomelea jirani. Wala usimwage maji baridi juu ya injini ya moto. Mashine ya presha kubwa usiielekeze kwenye sili wala kwenye pampu ya nozeli, itasukuma maji na mchanga ndani.

Watu wanachukia hatua hii kwa sababu inachukua saa mbili na haionekani kama ufundi. Lakini kwenye injini yenye tabaka la oili na vumbi la miaka kumi, kila mahali panaonekana panavuja.

6. Washa, subiri, paka poda.

Washa injini ikiwa kavu, iache dakika 10 hadi 15 ipate moto. Zungusha tochi na kioo. Uvujaji mkubwa utauona hapohapo.

Ukikosa kuona kitu, zima, subiri ipoe kidogo, kisha pulizia poda ya mtoto nyembamba kwenye maeneo unayoyashuku. Isikaribie mdomo wa hewa wala mkanda. Peleka gari barabarani kilomita 10 hivi, kwa mwendo wa kazi na kilima kimoja kama kipo. Ukirudi, zima na ufungue. Oili itakuwa imechora mstari mweusi kwenye weupe. Ufuate mstari huo kuelekea juu, na pale unapoanzia ndipo penye ugonjwa.

Ipo pia dawa ya rangi inayochanganywa na oili na kung'aa chini ya taa ya zambarau. Ni nzuri kwa uvujaji mdogo sana, lakini poda imenitosha katika kazi nyingi.

7. Soma kuanzia juu na mbele.

Oili inashuka kwa uzito wake, na feni inaisukuma kwenda nyuma. Kwa hiyo mahali palipolowa juu zaidi na mbele zaidi ndipo pa kushukiwa kwanza, hata kama palipolowa zaidi ni chini nyuma. Kwenye Coaster anza kwa kufunua kile kifuniko kilicho kati ya dereva na abiria wa mbele, pale watu wanapokalia asubuhi gari likijaa. Fuata mpangilio huu:

*Kava ya tapeti.* Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote, kisha tumia kioo kwa pembe za nyuma. Gasketi ya mpira ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki; ukiikunja inavunjika. Angalia pia raba za boliti zake na kifuniko cha kujazia oili. Injini nyingi za kamshafti ya juu zina vizibo vya nusu mwezi mwishoni mwa kichwa, na hapo panahitaji silikoni kidogo kwenye kona. Kidogo.

*Ndani ya kava ya mkanda wa taimingi.* Mkanda wa 1HZ ni mfupi. Haufiki kwenye krenki. Unatoka kwenye puli inayozungushwa na gia za mbele kwenda kwenye puli ya kamshafti. Nyuma ya kila puli kuna sili. Fungua kava na umulike. Ukikuta oili humo, kazi hii isisubiri mwisho wa mwezi. Oili inaoza mpira wa mkanda. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Badilisha sili zote mbili pamoja na mkanda. Kuurudisha mkanda uliolowa oili kwa kuufuta ni kujidanganya.

*Sili ya mbele ya krenki.* Iko chini, nyuma ya puli kubwa. Dalili yake ni oili iliyotupwa kama miale kuizunguka puli, na sampu ya mbele kulowa.

*Upande wa filta.* Hapa kuna vitu kadhaa vilivyosongamana, na vyote vina presha: filta yenyewe, msingi wake, kipoozeo ambacho mafundi wanakiita oili kula, na sensa ya presha ya oili. Sensa huvuja katikati ya mwili wake, pale plastiki inapokutana na chuma, na huvuja injini ikizunguka tu. Ukifika na tochi gari imezimwa, huoni kitu. Ifute, washa, tazama. Ukichomoa waya wake na kukuta oili ndani ya kiungo, umeshaipata.

*Pampu zinazokaa kwenye gia za mbele,* yaani ya vakyumu ya breki na ya stering. Zinazibwa kwa oringi au gasketi ndogo ambazo hakuna anayezikumbuka.

*Bomba la dipstiki, ukingo wa sampu, nati ya kumwagia oili.* Haya ni ya kuangalia haraka. Jihadhari na sampu: iko chini, kwa hiyo hulowa kwa dhambi za wengine. Usiishushe kabla ya kuiona ikitoa oili yenyewe.

8. Sili ya nyuma iwe ya mwisho kushukiwa.

Kabla ya kushusha giaboksi, jibu maswali mawili. Je, mgongo wa injini juu ya nyumba ya klachi ni mkavu kabisa baada ya ile kilomita 10? Kama umelowa, rudi juu. La pili, ondoa kifuniko cha kukagulia chini ya nyumba ya klachi na umulike flaiwili, lile gurudumu zito linaloshikana na klachi. Ndani kukiwa kukavu na vumbi la klachi la kawaida, huku nje kumelowa, sili haina kosa. Ndani kukilowa, nusa tena kama hatua ya 1: ya injini au ya giaboksi?

Ukiishusha, fanya kazi zote za humo kwa mkupuo mmoja: sili ya krenki, sili ya mbele ya giaboksi, bearing ya klachi kama inalia. Kushusha giaboksi ya Coaster mara mbili kwa vitu viwili vinavyokaa nyumba moja ni adhabu.

9. Funga kwa mkono mwepesi.

Uvujaji mwingi ninaoukuta umetengenezwa na fundi aliyetangulia. Boliti ndogo zenye kichwa cha 10 kwenye kava na sampu hazitaki nguvu: takriban Nm 10 ndiyo mwisho wake, na kava nyingi hutaka pungufu ya hapo. Ukizibana kwa bomba la kuongezea nguvu, bati la sampu linapinda kuzunguka kila tundu na gasketi inabanwa mahali tu. Sampu iliyopinda ilaze kwenye mbao ngumu uinyooshe kwa nyundo ndogo kabla ya kuirudisha.

Silikoni iwe uzi mwembamba kama unene wa kiberiti, kwenye chuma kikavu kisicho na mafuta, na uipe muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili. Ile inayofurika kwa nje si tatizo. Inayofurika kwa ndani inakatika, inaelea, na mwisho wake ni kwenye chujio la pampu ya oili. Injini zimekufa kwa silikoni.

Kwenye sensa ya presha usitumie tepu nyeupe ya mabomba. Vipande vyake huingia kwenye njia za oili, na tepu inaweza kuharibu mguso wa umeme. Tumia gundi ya uzi, matone mawili.

Sili: upande wenye springi hutazama kwenye oili. Paka oili kwenye mdomo wake, isukume kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, polepole, ikae sawa pande zote. Ukiigonga kwa bisibisi upande mmoja, umeiua kabla haijaanza kazi. Kabla ya kuiweka, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Sili mpya ikae milimita moja au mbili mbele au nyuma ya mfereji huo, kama nafasi ipo, au uvishe bushi nyembamba ya kurekebishia. Vinginevyo itavuja kama ya kwanza.

Kuhusu ogino na feki: pale Gerezani utakuta sili ya aina moja kwa bei tatu. Ibonyeze mdomo kwa kidole. Nzuri ni laini na inarudi. Mbaya ni ngumu au inanata, na springi yake inachomoka. Kwa sili ya nyuma, ambayo kuifikia ni kazi ya siku nzima, sijawahi kuona faida ya kununua ya bei ya chini.

10. Rudia kipimo.

Osha eneo ulilotengeneza, paka poda, tembea kilomita 10, kisha laza kadibodi mpya usiku. Linganisha na ile ya kwanza. Injini ya zamani inaweza kuwa na mashimo mawili yanayovuja kwa pamoja, na ukiziba kubwa ndipo dogo linaonekana. Usimgombeze fundi kabla ya kuangalia kama tone ni la mahali palepale.

Dawa za chupa na oili nzito

Dawa ya kuzuia kuvuja hufanya kazi ya kuvimbisha raba. Sili iliyokauka kidogo inaweza kupata nafuu ya wiki kadhaa. Gasketi iliyokatika na shafti yenye mfereji hazipati kitu. Kuhama 15W-40 kwenda oili nzito zaidi ni uamuzi wa aina hiyohiyo: tone linapungua, lakini asubuhi ya baridi ya Mbeya au Njombe oili inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Ukitaka kuitumia kumalizia msimu kabla ya ovahoo, sawa, ila jua unachofanya.

Ukikwama

*Imeanza siku ya sevisi.* Fungua filta kwanza. Mara nyingi raba ya filta ya zamani imebaki imeganda kwenye msingi, na mpya imefungwa juu yake. Zikiwa mbili, zinaweza kushikilia siku moja kisha zikamwaga oili yote barabarani. Filta hukazwa kwa mkono: raba ikishagusa, ongeza robo tatu ya mzunguko. Halafu angalia shaba ya nati ya kumwagia oili, na kama kuna oili iliyomwagika juu wakati wa kujaza.

*Inadondoka ikiwa imelala, ikitembea hapana.* Tazama vilivyo chini ya kiwango cha oili: nati, sampu, mshono wake.

*Inavuja ikipanda mlima tu.* Gari inayotoka Morogoro ikiwa kavu na kuvuja ikipandisha Kitonga, nenda hatua ya 4. Mzigo unaongeza hewa inayopenya kwenye ringi. Kama chai imesema brida ni nzima, rudi kwenye vitu vya presha: filta, sensa, oili kula.

*Imezidi baada ya kuosha.* Uchafu ndio uliokuwa gasketi. Umeondoa gundi ya bure, sasa unaona ukweli.

*Oili inapungua, chini pakavu.* Tazama moshi asubuhi: wa bluu maana yake inaungua. Kama moshi ni safi, fungua rejeta injini ikiwa baridi. Ukikuta oili inaelea, oili kula ni mshukiwa wa kwanza, na kichwa cha injini ni wa pili.

*Sili mpya imevuja ndani ya wiki.* Sababu ni nne: brida haikuangaliwa, shafti ina mfereji, sili ilikaa upande, au bearing za krenki zimelegea na shafti inacheza. Hiyo ya mwisho haiponywi na sili ya bei yoyote.

*Taa ya presha ya oili imewaka njiani.* Egesha, zima. Usisubiri kituo kinachofuata, hata abiria wakigomba.

*Umefanya yote na bado kuna unyevu.* Tofautisha jasho na tone. Gasketi inayotoka jasho, ikakusanya vumbi bila kudondosha, naiacha mpaka kuwe na sababu nyingine ya kufungua hapo. Vitu vitatu siviachi hata vikiwa vidogo: oili inayoelekea kwenye mkanda wa taimingi, inayoingia kwenye klachi, na inayodondokea ekzosi. Hiyo ya ekzosi huanza kama harufu ya kuungua gari likisimama kwenye foleni, na abiria wa siti ya mbele ndiye wa kwanza kuisikia. Akilalamika, funua kifuniko siku hiyohiyo.